Goli la Sheed lilianzia ubavuni mwa McGovern

Kila ikifika Septemba, mtu mmoja au wawili hapa Perth, Australia, hunikumbusha lile goli la Dom Sheed, la fainali ya mpira wa Australia ya 2018. Nami kila mara huwajibu kwamba wanaanza hadithi katikati. Leo nimeamua kuiandika tangu mwanzo wake, maana nimeibeba siku nyingi.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Huku Perth ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye makao yao. Mpira niliokua nao ni ule wa kaka zangu, wa kuvunja vioo vya majirani. Huu wa Australia, ambao wenyewe huuita futi, nilifundishwa na mzee mmoja wa pale kazini. Jina lake silitaji. Mimi nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni neno la heshima, akalipenda, ikawa hata akipiga kengele usiku na mwenzangu akaenda, anasema, "Mwambie aliyeniita Mzee aje."

Mzee alikuwa shabiki wa West Coast Eagles, yaani Tai, timu ya huku Perth, tangu klabu ilipoingia kwenye ligi mwaka 1987. Chumbani kwake palikuwa na kibendera cha 1992, mwaka ambao kwa mara ya kwanza kombe lilitoka nje ya jimbo la Victoria. Kilikuwa kimepauka, bluu yake imekuwa kama ya shati lililofuliwa miaka kumi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa wakati wa kupangusa vumbi.

Alinifundisha hivi. Uwanja una umbo la yai, na mpira wenyewe una umbo la yai. Kila upande una watu 18 uwanjani. Kila mwisho wa uwanja pana nguzo nne bila mwamba wa juu. Ukipiga mpira ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati, umepata goli, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, unapewa pointi moja. Nikamwambia, basi hapa hata anayekosa kidogo hupewa chochote cha kwendea nyumbani. Akacheka sana. Jambo la tatu ndilo alilolipenda kuliko yote: mpira uliopigwa kwa mguu, ukiruka angani ukaudaka safi kabla haujagusa chini, ni wako. Wanakuacha, unarudi nyuma, unapumua, unapiga bila mtu kukugusa. Kwa hiyo wanaume wazima huruka wakapanda migongoni mwa wenzao kuufuata mpira juu, halafu huanguka wanavyoanguka.

Mwezi Agosti 2018 Mzee aliteleza bafuni akavunjika mbavu tatu.

Aliyewahi kumuuguza mtu wa mbavu anajua. Mkono hufungwa plasta, mguu hufungwa plasta, lakini ubavu haufungwi na chochote. Unaachwa upone wenyewe huku mwenyewe ukiendelea kupumua, na kila pumzi inapita hapo hapo panapouma. Kumgeuza kitandani tulikuwa wawili. Mimi mkono mmoja kwenye bega lake, mwingine kwenye nyonga, mwenzangu upande wa pili. Namwambia, "Mzee, tunakwenda." Anafumba macho, anavuta kapumzi kadogo, anakazuia, tunamviringisha mwili mzima kwa pamoja kama gogo. Kisha nasubiri akatoe. Wakati mwingine nilihesabu mpaka nane. Kukohoa ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, na asingeachwa asikohoe, maana mtu wa mbavu akiogopa kuvuta pumzi ndefu mapafu huanza kujaa na hapo ndipo wazee wengi huondokea. Tulimpa mto aukumbatie kifuani kila kikohozi kilipomjia. Aliukumbatia kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka mto na mtoto.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tulipofika Jumamosi ya tarehe 29 Septemba, siku ya fainali.

Mechi ilichezwa Melbourne, kwenye uwanja wa MCG, mbele ya watu 100,022. Huko ndiko nyumbani kwa Collingwood, wapinzani wa West Coast siku hiyo. West Coast walisafiri kama kilomita 2,700 kwenda kucheza, mbali kuliko kutoka Dar es Salaam mpaka Johannesburg, na walikwenda wakiwa na mapengo. Nic Naitanui, jitu lao la katikati, goti lilikatika Julai, tena kwenye uwanja huo huo, tena dhidi ya Collingwood hao hao. Andrew Gaff alikuwa amefungiwa mechi nane kwa kumpiga ngumi kijana wa timu ya Fremantle, na mimi nasema alistahili. Wakongwe wawili, Matt Priddis na Sam Mitchell, walikuwa wamestaafu mwaka uliotangulia. Ndiyo maana msimu ulipoanza, wengi waliwapanga Tai hawa sehemu ya chini ya jedwali.

Melbourne ilikuwa saa nane na nusu mchana, kwetu saa sita na nusu. Tuliwakusanya wazee sebuleni, pai za nyama zikaja kwenye trei, zile za wasioweza kutafuna zikasagwa. Mzee tulimweka kwenye kiti cha magurudumu mbele kabisa, mto wake mapajani. Zamu yangu ilikuwa inaisha saa tisa.

Robo ya kwanza ilikuwa maafa. Collingwood, na jezi zao za milia ya punda milia, walifunga magoli matano ya mwanzo. Kijana wao Jaidyn Stephenson, msimu wake wa kwanza, alifunga mawili. Pengo lilifika pointi 29. Bibi mmoja wa pale, mpenzi wa timu nyingine kabisa, alisema twende tukanywe chai. Mzee hakugeuka. Alisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiyetaka kutumia pumzi nyingi, "Bado wana robo tatu."

Sitaisimulia mechi yote. Kilichonishika ni kwamba hawakuharakisha. Mimi nimezoea kuona timu iliyofungwa mapema ikichanganyikiwa, kila mtu anataka kuwa shujaa, mipira inarushwa ovyo. Hawa walirudi pole pole, goli hapa, pointi moja pale, wanadaka, wanasimama, wanatazama, ndipo wanapiga. Luke Shuey alikuwa kila mahali palipo na rundo la watu, na ndiye baadaye aliyepewa nishani ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali. Robo ya tatu ilipokwisha pengo lilikuwa limezibwa. Robo ya mwisho Collingwood wakachomoka tena.

Dakika za lala salama, Collingwood 74, West Coast 72. Saa tisa ilikuwa imefika. Mwenzangu wa zamu ya jioni alikuja kunipokea, akasimama mlangoni na mkoba wake begani, hakuuweka chini.

Collingwood walipiga mpira mrefu kuelekea ngome ya West Coast. Hapo ndipo ninapotaka watu waanzie. Jeremy McGovern, beki, aliruka akaudaka juu kabisa, mikono imenyooka, ubavu wote uko wazi. Akashuka. Hakukawia, akaupiga kwenda kwa Nathan Vardy, naye akaudaka. Vardy akaupeleka mbele kwa Liam Ryan, kijana mfupi, akakimbia akaruka akaudaka. Ryan akaupeleka kwenye kona, na huko, karibu na mstari, akaudaka Dom Sheed. Mipira minne, mikono minne, haukugusa majani hata mara moja. Wamesafiri uwanja mzima.

Sheed ni wa mguu wa kushoto. Alikuwa ametupwa pembeni kiasi kwamba kutoka pale nguzo zile mbili ndefu karibu zinakuwa moja. Alikuwa miongoni mwa waliofungwa kwenye fainali ya 2015, na mwaka ule wa 2018 nafasi yake kikosini haikuwa ya uhakika, aliingia akatoka. Nyuma yake, hatua chache tu, mashabiki wa Collingwood wamejazana wanampigia kelele. Zilibaki chini ya dakika mbili.

Sebuleni hakuna aliyesema neno. Niliweka mkono begani kwa Mzee bila kufikiri, pale pale nilipokuwa nikimshika kila asubuhi. Nikasikia amevuta kapumzi kadogo, akakazuia.

Sheed akapiga. Mpira ulipita katikati.

Hapo Mzee akapiga ukelele. Ukelele wa kweli, wa kifua kizima, halafu akakunja uso na kuukumbatia mto wake, anacheka na machozi yanamtoka kwa maumivu, na mimi napiga vigelegele vya Kimombasa ambavyo jengo lile halijawahi kusikia, na muuguzi mkuu anatoka ofisini mbio akidhani mtu ameanguka. Zilizobaki zilikuwa sekunde za kushikilia. Ikaongezeka pointi moja. King'ora kikalia: West Coast 79, Collingwood 74. Walikuwa wamepindua meza ugenini.

Hesabu hii huwa nawaonyesha watu wa nyumbani wakiniuliza huu ni mchezo gani. Timu zote mbili zilifunga magoli 11. Kumi na moja kwa kumi na moja. Tofauti ilitoka kwenye zile pointi moja moja za waliokosa kidogo: West Coast 13, Collingwood 8. Kombe zima, kombe lao la nne, limekaa juu ya mipira mitano iliyopita pembeni.

Jumatatu nilirudi zamu ya asubuhi. Mzee alikuwa ameshaletewa gazeti, ila miwani yake haikuwa inamtosha kwa herufi ndogo, kwa hiyo baada ya kumwosha nilikaa kwenye kiti cha wageni nikamsomea. Ndimo tulimojua. McGovern alikuwa ameumia ubavuni kwenye mechi ya nusu fainali, wiki moja tu kabla, na katika wiki ile ile ya fainali alilazwa hospitalini. Haikutangazwa, maana Collingwood wangejua mahali pa kumgonga. Mtu aliyekuwa kitandani siku chache nyuma ndiye aliyeruka vile, mikono juu, mbele ya watu laki moja, akijua kwamba atakayekutana naye angani atakutana na ubavu.

Nilinyamaza, sikuendelea kusoma. Mimi mikono yangu ilikuwa bado na unyevu wa kumgeuza mtu wa mbavu. Nilijua kuinua mkono tu juu ya bega kunagharimu nini. Nilijua kapumzi kale.

Mzee aliniomba nimwonyeshe picha. Haikuwa ya McGovern, ilikuwa ya Sheed, bila shaka, mguu juu, nguzo kwa mbali. Aliitazama kidogo akanirudishia.

"Ile sehemu ya hospitali," akasema. "Isome tena. Pole pole."

Nikaisoma tena. Alikuwa amelaza kiganja ubavuni, juu ya shati, na nilipofika mwisho wa sentensi nilimwona akijaribu kunyoosha mkono wa upande ule, taratibu, kuelekea kibendera chake cha 1992. Ulifika usawa wa bega, ukatetemeka. Siku kumi nyuma ulikuwa haufiki kiwiko. Nikasimama karibu naye bila kumshika, nikahesabu.