Siku moja chini ya daraja la chuma

Saa 11 alfajiri

Mimi ni injinia, nakagua madaraja. Nakaa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na ukichelewa kidogo tu foleni ya Barabara ya Nyerere inakumeza. Chai ya rangi, vitumbua, begi mgongoni: helmeti, tochi, brashi ya waya, kipimo cha unene wa bamba na makopo ya dawa ya kupulizia, inayoonyesha nyufa za chuma. Konda akiyaona makopo lazima aulize, "Dada, ya mbu hiyo?"

Saa 1 asubuhi

Daraja lenyewe silitaji. Ni la barabara, la zamani, mihimili ya chuma yenye umbo la I juu ya mkondo unaoingia Mto Msimbazi. Malori ya mchanga hayakatiki. Masika yaliyopita mafuriko yalileta gogo likagonga mhimili wa pembeni, flenji ya chini, yaani ule ubapa wa chini wa hiyo I, ikapinda. Mhusika wa daraja amewahi kufika kuliko sisi.

"Injinia, si ndiyo hii itakayotuua?"

"Shikamoo mzee. Ngoja kwanza tushuke."

Kila mtu huanzia kwenye kilichopinda na kwenye kutu, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Chuma laini cha daraja kikipinda kidogo bila kuchanika bado kinabeba. Ninachotafuta mimi hapo ni mkwaruzo mkali, maana ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo. Tumeusaga kwa grainda, tumepulizia dawa, hakuna kitu. Tunasonga mbele.

Saa 3

Kupima unene ni kazi ya kuchosha: sugua mpaka chuma king'ae, paka jeli, bandika kipimo, soma namba, dogo, msaidizi wangu, aandike. Mchoro unasema flenji ni milimita 20. Sehemu nyingi tunapata 19 na kitu. Katikati ya mhimili, chini ya bomba la maji ya mvua lililovunjika, tunapata 17. Maji yamedondoka hapo miaka na miaka, na hewa ya bahari haisaidii. Bomba la bei ndogo kabisa ndilo limekula chuma chote hicho!

Saa 5

Hapa ndipo siku ilipogeuka. Chini ya flenji kuna bamba la nyongeza lililochomelewa zamani ili kuongeza nguvu. Linapoishia bamba kama hilo, nguvu hujikusanya kwenye ukingo wa mchomeleo, na kila fundi wa ukaguzi anajua aangalie hapo. Rangi ilikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, mwembamba kama unywele.

Nikakwangua rangi, nikasafisha, nikapulizia dawa nyekundu. Unasubiri kama robo saa inywewe, unafuta mpaka kitambaa kitoke safi, kisha unapulizia ile nyeupe inayokauka kama chaki. Dogo alikuwa anapiga stori za mechi ya Yanga. Akanyamaza. Mstari mwekundu ulijitokeza wenyewe kwenye weupe, milimita 18, umenyooka kufuata mchomeleo.

Mzee naye akachungulia. "Hicho tu? Si tumwite fundi wa kuchomelea akipitishie?"

Hapana, mzee. Ufa umezaliwa kwenye mchomeleo, na mchomeleo wa haraka juu yake utaufunika tu huku ukiacha kasoro mpya. Kwanza tupime kina. Ukiwa mfupi kwenda chini tunausaga mpaka uishe. Ukiwa umetoboa bamba, tunachimba tundu kwenye kila ncha ili usiendelee, kisha tunafunga mabamba kwa bolti. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994 kipande cha daraja la Seongsu, jijini Seoul, kilianguka na kuua watu 32. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1979 tu, na lililoliponza ni michomeleo mibovu.

Saa 7

Wali maharage kwa mama ntilie. Joto.

Saa 8 mchana

Ofisini, kompyuta. Hapa wengi huchanganya maswali mawili. La kwanza: leo mhimili unabeba kiasi gani? Flenji imepoteza asilimia 15 ya unene pale kwenye kutu. Nguvu imepungua, lakini akiba iliyowekwa kwenye usanifu bado inatosha. La pili: utadumu mpaka lini? Hesabu hii ni kali zaidi, kwa sababu kwenye michomeleo uchovu wa chuma, yaani kuchakaa kwa kubeba mzigo na kuuachia mara nyingi, hupanda kwa kipeo cha tatu cha badiliko la mkazo (nguvu inayokibana au kukivuta chuma): badiliko likiwa mara mbili, uchovu huwa mara nane. Mkazo ukiongezeka kwa asilimia 18, kama inavyotokea ukigawa 20 kwa 17, umri uliobaki unashuka hadi kama asilimia 60.

Malori nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya tairi nne. Ekseli ya tani 12 inakula umri wa chuma karibu mara 1.7 ya ile halali. Anayezidisha mzigo anadhani amelidhulumu daraja kidogo tu.

Saa 11 jioni

Nimempigia mzee. Malori yazuiwe kuanzia usiku huu, magari madogo yapite upande wa pili, kipimo cha kina kije kesho.

"Injinia, wenye malori watanila nyama."

"Waambie wanipigie mimi, mzee. Na lile bomba, tafadhali, libadilishwe kesho hiyo hiyo."