Siku moja maishani mwangu: sare kwenye cherehani, Kishingo kwenye katoni

Saa 11:20 alfajiri

Mwezi wa saba hapa Tabora alfajiri ni kali. Mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mawingu hamna, na joto lote la mchana linakuwa limeshapotelea angani usiku kucha. Saa sita mchana nitavua sweta. Saa hizi nimejitanda kanga mbili juu ya sweta na bado meno yanagongana.

Nilitoka na ndoo kuchota maji kwenye diaba niinjike ya kuoga mume wangu, maana leo anawahi zamu. Ubao ninaofunikia ulikuwa umeteleza upande. Nikamulika kwa simu, nikaona manyoya.

Alikuwa Kishingo, tetea wetu mweusi wa mbegu ya shingo tupu. Maji yalimfika kifuani, mabawa yametanda juu ya maji, na ile shingo yake tupu imelala ukingoni mwa diaba. Nilijua amekufa. Nilipomnyanyua, maji yalimiminika kutoka mwilini mwake kama ninatoa shuka kwenye beseni, na jicho moja likafunguka nusu, likafunga.

Kosa ni langu. Jana nilishona hadi saa 4 usiku, nikafunga banda bila kuhesabu. Kishingo ni mgeni, ana wiki tatu hapa, na wenzake wanamdonoa akipanda kichanjani. Amekwenda kulala juu ya ubao wa diaba, ubao ukamwangusha.

Saa 11:35

Niliingia naye ndani, nikakaa sakafuni nikiwa nimempakata. Miguu ilikuwa baridi kama mkasi uliolala nje. Upanga wa kichwani, ambao siku zote ni mwekundu, ulikuwa umegeuka zambarau. Na hakuwa anatetemeka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu kuku anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Aliyeacha kutetemeka ilhali ni wa baridi, nguvu zimemwishia.

Niliingiza vidole chini ya bawa. Joto la kuku mzima ni kama nyuzi 41, letu ni 37, kwa hiyo ukimshika kwapani unapaswa kuusikia moto. Ukiona anafanana na mkono wako, ujue ameshapoa. Kishingo alikuwa wa baridi kuliko mkono wangu.

Nilianza kumkausha kwa fulana kuukuu. Kukausha kwenyewe ni kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, bila kusugua. Manyoya ya kuku yanafanya kazi ya blanketi: yanashika hewa iliyopata joto karibu na ngozi isitoke. Yakilowa hadi ngozini hewa hiyo haipo tena, na kila upepo unaopita unachukua joto la mwili. Kishingo naye ana manyoya machache kuliko kuku wengine. Ndiyo maana mbegu hii inavumilia jua la Oktoba, na ndiyo maana baridi inamwonea.

Fulana tatu zililowa. Ya nne nikaona nimtafutie yenye joto. Mimi ni fundi cherehani, pasi ya mkaa ninayo. Niliiwashia nje, makaa yakashika, nikapiga pasi kipande cha blanketi, nikakiweka kwanza kwenye shavu langu. Kikichoma shavu, kingoje. Kikiwa kama kitanda ulichotoka kulala sasa hivi, mfunike. Kwa saa nzima nilifanya hivyo, kipande kimoja kwenye pasi na kingine mgongoni mwa kuku, nikibadilisha.

Saa 12:40 asubuhi

Mama mkwe aliamka, akatukuta.

"Mwangaluka, mwanangu. Huyo vipi?"

"Mwangaluka, mama. Ameanguka kwenye maji usiku."

Alimwinamia, akamfunua kope kwa kidole. "Mchinjeni sasa hivi, kabla hajawa kibudu."

Simlaumu. Kuku akifa mwenyewe haliwi, na kuku mmoja si kitu kidogo nyumbani kwetu. Nilimwomba anipe hadi adhuhuri. Akasema basi nimpeleke jikoni nimlaze karibu na mafiga, ndivyo walivyokuwa wakifanya kwao. Hapo tulibishana kidogo, kwa heshima.

Mwaka jana wakati wa masika upepo uling'oa bati la banda, mvua ikamlowesha koo mmoja usiku mzima. Nilimpeleka karibu na jiko, nikamkokea moto ili apone upesi. Halafu nikamfungua mdomo na kumtilia maji ya moto yenye sukari, kijiko baada ya kijiko, huku shingo imelegea. Akakoroma, mapovu yakamtoka, akafa mikononi mwangu. Baadaye bwana mifugo alinionyesha kwa jogoo tuliyemchinja: tundu la pumzi la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi. Kuku mwenye nguvu humeza kwa kuinua kichwa. Aliyelegea hawezi, unachomtilia kinakwenda mapafuni. Yule koo aliponea kwenye mvua, nikamzamisha mimi jikoni. Sijamsahau.

Nilimweleza mama hayo yote. Alinyamaza, kisha akaenda kuniletea katoni.

Saa 1:30

Katoni nililitandika pumba za mpunga, juu yake gazeti na kitambaa. Chupa mbili za lita moja na nusu nilizijaza maji ya vuguvugu, yale unayoweza kushikilia chupa yake mkononi bila kuiachia. Nikazivisha soksi za watoto na kuzilaza upande mmoja tu wa katoni. Upande wa pili niliuacha wazi ili akizidiwa na joto asogee. Kuku hatoi jasho, na aliyelegea hawezi kukwambia ameungua.

Jiko la mkaa sikuliingiza chumbani, na ninamwomba kila anayesoma asiingize. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaua kuku, inaua na watu waliolala.

Saa 2:30

Kazi haikungoja. Shule zinafunguliwa Jumatatu na nina sare kumi na moja za kukabidhi: mashati meupe, kaptula na sketi za bluu. Katoni nililiweka chini ya meza ya cherehani, mguu mmoja ukanyage pedeli, mwingine uguse katoni.

Nilishona kola, nikainama. Nilitia vifungo vitano, nikainama.

Saa 3:10

Katoni lilitetemeka. Nilidhani ni cherehani, nikaacha kukanyaga. Likaendelea. Nilifunua kitambaa: Kishingo anatetemeka mwili mzima, kifua, mabawa, hadi ile shingo tupu yenye vinywele vyake vichache. Nilimwita mama kwa sauti kubwa hata mteja aliyekuwa barazani akashtuka. Mwili umerudi vitani!

Nilibadilisha maji ya chupa na kumwacha.

Saa 4:25

Alinyanyua kichwa. Kikaanguka, akakinyanyua tena, kikabaki juu. Nilihesabu polepole hadi sitini, hakikuanguka. Nikachanganya kijiko cha chai cha sukari kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, nikachovya ncha ya mdomo wake tu, matundu ya pua yakiwa nje. Hakufanya kitu. Nikachovya tena. Safari ya tatu akapiga mdomo mara mbili, akainua kichwa juu, na nikaona koo likishusha.

Nilimpa hivyo kidogo kidogo kila baada ya robo saa. Mteja mmoja alikuja kufuata sketi, nikamwambia haijaisha pindo. Akaangalia chini ya meza, akasema, "Dada fundi, malizana na mgonjwa kwanza, mimi nitapita jioni." Mungu ambariki.

Saa 5:40

Nilimpigia bwana mifugo. Aliuliza maswali mazuri: kinyesi ni cha kijani? Shingo inapinda? Wengine wamezubaa? Alitaka kuhakikisha si kideri, kwa sababu kuku mgonjwa naye hudhoofika, akaanguka, akalowa, na wewe ukalaumu maji. Nilimwambia chanjo ya matone ya jichoni wamepata wote, tunarudia kila miezi mitatu, na wenzake kumi na mmoja wanachakura bila shida. Akasema basi nisikimbilie antibayotiki, baridi si mdudu. Nimtenge, nimwangalie siku nne tano kama atatokwa makamasi au kukoroma.

Saa 7:30 mchana

Jua limetoka sawasawa. Nilisogeza katoni barazani, nusu juani na nusu kivulini mwa mwembe. Alijivuta mwenyewe upande wa jua, akalala ubavu, akafungua bawa moja lote kama mtu anayeanika nguo. Akaanza kuchambua manyoya ya kifuani, unyoya mmoja mmoja, akiuvuta mdomoni kutoka shinani hadi nchani. Nilikaa kumtazama muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Mama alileta chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tukala pale pale. Alimpapasa Kishingo kwenye gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. "Tupu," akasema. "Lakini usimpe mahindi. Tumbo lililopoa halisagi." Hilo sikuwa nalijua, na ni kweli: mwili ukipoa mmeng'enyo nao unazorota, punje zinakaa kwenye gole na kuchacha. Alimpikia mwenyewe uji mzito wa ulezi, akaupooza, akauweka kwenye kifuniko cha ndoo. Kishingo alidonoa mara sita. Mama alihesabu kwa sauti.

Saa 10 jioni

Sare saba tayari. Upanga umeanza wekundu upande wa chini. Amesimama, akayumba, akakaa. Ametoa kinyesi kigumu chenye weupe juu, cha kuku mzima. Nilimpigia bwana mifugo kumwambia hilo tu.

Saa 12 jioni

Kabla giza halijaingia nilirekebisha nilipokosea. Ndani ya diaba nimepanga matofali kama ngazi, anayeanguka apate pa kukanyaga, na ubao nimeufunga kwa waya. Kwenye banda nimeongeza kichanja cha pili mbali na kile cha wababe. Nimetumia ubao bapa, kwa sababu kuku akilala juu ya ubao bapa kifua chake kinafunika vidole. Upande unaotoka upepo nimeshonea viroba hadi usawa wa vichwa vyao, juu pako wazi. Ukiziba pote, harufu ya kinyesi inawachoma mapafu na unyevu unawashinda.

Yule mteja wa sketi alipita, pindo likiwa tayari.

Saa 3 usiku

Kishingo analala ndani leo na kesho, manyoya ya chini bado hayajakauka vizuri na banda lina upepo. Nimebadilisha chupa mara ya mwisho. Nilipoingiza vidole chini ya bawa alinguruma kwa kukasirika, na kwapa lilikuwa la moto, la moto kweli, kuliko mkono wangu. Chupa moja nikaiondoa.

Kisha nilichukua simu, nikatoka, nikamulika bandani, nikahesabu kwa kidole kuanzia kona ya mlango. Kumi na mmoja. Na mmoja ndani. Nikafunga.