Watoto wakiigiza wapigiwe ngoma ya kweli

Hili jambo linanikaa moyoni sana, leo acha niliandike lote. Huku kwetu Mikindani, na Mtwara mjini, na Lindi pia nimeona hivyohivyo, watoto wakiandaliwa igizo mtu wa kwanza kutafutwa ni dijei. Akipatikana mwenye spika na flashi basi watu wanasema mziki upo. Mimi nasema atafutwe kwanza mpiga ngoma.

Mziki wa flashi haumuoni mtoto. Unaenda na spidi yake, mtoto akijikwaa, akisahau, akishikwa na aibu mbele ya mama yake, wimbo unampita na yeye anabaki kasimama anauma kidole. Nimeyaona haya kwenye mahafali ya darasa la saba, watoto wamefanya mazoezi wiki nzima afu wimbo unaisha igizo liko katikati, dijei anahangaika kutafuta mwingine, akiupata ni wa watu wazima, walimu wanabaki kuangaliana. Na maiki ni moja, kwahiyo anasikika aliyeishika tu, wengine wote wanachezesha midomo.

Sasa chukua igizo letu la likizo iliyopita. Kisa walitunga watoto wenyewe, sisi tuliwauliza tu ni jambo gani wanaliona nyumbani na linawakera, wakajibu kangomba. Asiye wa kusini nimweleze kidogo, kangomba ni ile biashara ya mtu kuja na kopo au bakuli kukununulia korosho kwa bei ya chini kabla hujazifikisha ghalani, anajua una ada ya mtoto, una msiba, una njaa, huna la kufanya. Serikali inakataza lakini ipo. Watoto wanaijua vizuri kwasababu wao ndo wanaookota hizo korosho chini ya mikorosho asubuhi. Basi mnunuzi akawa Sungura, mwenye shamba akawa Kobe, na kila Sungura akirudi kopo limekuwa kubwa zaidi na bei ni ileile, mwishoni kabisa alikuja na ndoo! Watu walipiga kelele uwanja mzima, maana kila mmoja pale ana ndoo yake anayoikumbuka.

Aliyecheza Kobe ni binti mdogo, mdogo kweli. Alipofika pale pa kumjibu Sungura maneno yakapotea. Babu aliyekuwa kwenye ngoma hakuacha kupiga, alishusha tu, vinganga vikawa kama vinanong'ona, vile vingoma vyembamba vyenye mguu uliochongoka wa kuchomeka ardhini. Afu akamtazama yule binti, akamwingizia ule mdundo wa mwendo wa Kobe waliokuwa wanaufanyia mazoezi. Miguu ya mtoto ikaanza kwenda yenyewe, akazunguka duara lote taratibu, watu wakadaka kwa makofi, na aliporudi mbele ya Sungura akajibu kila kitu bila kukosea. Wageni walidhani ndo lilivyopangwa. Mama yake alikuwa karibu na mimi, alikuwa analia.

Hiyo ndo sababu yangu kubwa na ningeweza kuishia hapo, lakini kuna na mengine.

Kuna ule moto. Ngozi ya ngoma ikikaa kwenye unyevu wa bahari inalegea, sauti inakuwa nzito isiyoeleweka, kwahiyo kabla ya kuanza wanakoka makuti na nyasi kavu, wanazigeuzia ngozi motoni, wanagonga, wanasikiliza, wanarudisha tena. Babu aliwapa watoto kijiti wagonge wenyewe waseme bado au tayari, siku za mwanzo kila mtu alijisemea lake, baadae wakawa wanakubaliana wote na yeye anatingisha kichwa. Masikio yalishafunguka. Watoto hawa wanafundishwa kwamba Boma la Wajerumani hapa Mikindani lilijengwa 1895, wanaijua hiyo tarehe vizuri, ila mzee anayeijua ngoma anakaa nyumba za jirani na kabla ya igizo hawakuwa wanajua kama anapiga. Sasa wakikutana nae njiani ni shikamoo babu kwa sauti, na wanamuuliza lini tena.

Kuna yule kijana wetu mwenye kigugumizi. Kwenye kuongea anakwama mpaka unaumia nawe, kwenye kuimba hakwami hata kidogo, na wengi wenye hali hiyo ndo walivyo. Tukayageuza maneno yake yote kuwa wimbo, babu akamtafutia mdundo, na wenzie wakawa wanaitikia. Huyo kwenye kumbukumbu ya simu angepata wapi wimbo unaolingana na pumzi zake?

Kuhusu sura za kuvaa hapo palikuwa na maneno. Watoto walitaka lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde anayevaa sura ya kuchonga, wakiwa wengi ndo mapiko, na nawaelewa, mtoto wa kusini ukimwambia kuna mtu anavaa sura anacheza akili yake inaenda kwenye mapiko moja kwa moja. Wazee wakakataa. Lipiko lina wenyewe na lina wakati wake, ni mambo ya jando na unyago, na mtoto ambaye hajaingia jandoni hatakiwi hata kujua nani yuko ndani yake. Nilikubaliana nao kabisa na naomba wanaofanya maigizo mashuleni waliheshimu hili, usichukue kitu cha watu ukakifanya pambo la jukwaa. Watoto wakatengeneza za kwao kwa maboksi, mkaa na chokaa, masikio ya Sungura yakawa ya makuti, njuga za miguuni wakatoboa vizibo vya soda wakavitunga kwenye kamba. Zilipendeza na ni zao.

Watu wananiambia mziki wa kupigwa ni gharama. Gharama ya nini jamani? Mfungo sita si mnawasikia watoto wa madrasa wanavyoimba kaswida na dufu kwenye maulidi? Kwaya za makanisani si zina watoto wanaoimba sauti mbalimbali tangu wadogo? Mziki tunao, haujakutanishwa na igizo tu. Sisi tulichanga buku buku, ustadhi akatuletea wavulana wenye sauti, sharti lake likawa moja, tumalize kabla ya adhana ya magharibi, na sharti hilo lilitufaa maana wazazi wengi wakisikia neno ngoma wanafikiria vigodoro vya usiku. Hofu yao ni ya haki. Mchana kweupe, mbele ya wazee, kila mzazi anamuona wake, na mwishoni hata wababa waliokuwa wamesimama mbali na baiskeli zao walikuwa wanaitikia.

Na jambo lenyewe si geni nchini. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza 1981, ndo TaSUBa ya leo, pale anayesoma ngoma na anayesoma maigizo wanakutana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, wasichana wa sekondari wakawa wanayasema yanayowakwamisha kwa kuigiza, kuimba na kucheza, mbele ya walimu wao. Hapa Mtwara tuna tamasha la MaKuYa, yani Makonde, Makua na Yao, na UMITASHUMTA ya 2021, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, ilifanyika hapahapa. Nayapenda yote. Ila mashindano yanachukua anayejua tayari, mwenye kigugumizi hachaguliwi, na binti anayesahau maneno anaambiwa akae nje. Ndo maana nataka kila mtaa uwe na kaigizo kake, kadogo, ka watu wanaojuana.

Likizo ya Juni tunaanza tena. Kisa kipya watoto washaanza kukibishania, kuna wanaotaka cha panya aliyeishi ghala la korosho na kuna wanaotaka cha ngalawa iliyogoma kurudi Msangamkuu, mimi niko upande wa ngalawa ila sina kura. Tunahitaji ngozi mbili za mbuzi kwasababu vingoma viwili vimepasuka, na tunamhitaji sana mtu anayejua kupiga malimba aliye tayari kukaa na watoto jioni. Unayeweza njoo Mikindani baada ya swala ya alasiri, waulize watoto wowote utakaowakuta njiani, wanapajua.