Nilivyosimamia ubishi wa hisa za Kabanga kwenye chama chetu mpaka tukafika uamuzi

Chama chetu kina watu wa Ohio, Texas na Minnesota, wengi Wabongo na Wakenya wachache, na mi ndo mhazini. Kila mwezi tunachanga, hela inakaa benki inaleta riba, mwisho wa mwaka tunagawana faida au tunaiingiza sehemu. Kazi ya mhazini ni ya kupigiwa simu usiku, nyie mnaoifanya mnajua. Sasa mwaka 2025 kuna jamaa akaja na hoja kwamba faida tuitupie kwenye LZM na kuanzia hapo grupu halikulala.

Kwa ambaye haijui, LZM ni Lifezone Metals, iko soko la hisa la New York tangu Julai 2023. Iliingia kwa kuungana na GoGreen, ile kampuni tupu inayokusanya hela kwanza halafu inatafuta biashara ya kununua, na hisa ilihesabiwa dola 10. Mali yao kubwa ni nikeli ya Kabanga kule Ngara, mkoani Kagera, unavuka kidogo tu uko Burundi. Mgodi uko chini ya Tembo Nickel na serikali ya Tanzania ina asilimia 16 mle ndani. Wakati sisi tunabishana bei ilikuwa chini ya nusu ya ile dola 10, na hapo ndo kila mtu akaona anachotaka kuona, wengine wakasema ni ofa wengine wakasema ni jeneza.

Wazalendo walikuwa wengi. Kaka mmoja wa Bukoba alikuwa anaandika meseji ndefu kama barua ya posa, kwamba madini yale yanajulikana toka miaka ya sabini, wakubwa wa madini kama Barrick na Glencore wamepita pale, kiwango ni karibu asilimia 2 ya nikeli na kuna shaba na kobalti humohumo, sasa wenyewe tukae pembeni Wazungu wanunue? Upande wa pili kulikuwa na Mkenya wetu mmoja ambaye jibu lake kila siku lilikuwa neno moja, Indonesia. Na ana pointi, Indonesia walizuia kutoa mawe ghafi mwaka 2020, Wachina wakaenda kujenga viwanda hukohuko, leo zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia inatoka kwao, na bei ikalala. BHP wenyewe, kampuni kubwa ya madini iliyokuwa na sehemu ndani ya Kabanga, walisimamisha kazi zao za nikeli Australia mwaka 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Yule wa Bukoba akimjibu anamkumbusha Machi 2022 nikeli ilivyovuka dola laki moja kwa tani soko la London mpaka wakafuta biashara za siku ile, Mkenya anamwambia kaka ile ilikuwa ajali ya watu waliobanwa kwenye madau yao, usiipigie hesabu ya maisha.

Hii ikaendelea wiki nzima, watu wanatumiana chati, dada mmoja akatoka kwenye grupu akarudishwa. Nikaona kama mhazini nikiacha hivi tutapiga kura kwa kelele.

Kitu cha kwanza nilichofanya nikapiga marufuku neno "itapaa". Kweli kabisa, niliandika juu ya grupu, ukisema itapaa au itakufa unatakiwa useme pia hela ya hatua inayofuata anaitoa nani na lini. Watu wakacheka ila ilisaidia, meseji zilipungua nusu, maana wengi hawakuwa na jibu.

Cha pili nikagundua tunabishana vitu vitatu tukidhani ni kimoja. Kuna mgodi, kuna teknolojia ya Lifezone ya kutoa metali bila tanuru, wanaiita Hydromet, kuna bei ya nikeli. Mtu anasema Kabanga ni nzuri anamaanisha mawe, mwingine anasema ni utapeli anamaanisha ule mtambo, na hawajibizani. Nikagawa kazi, kila kimoja na mtu wake, alete anachokijua na sio anachokitamani.

Upande wa teknolojia nilimpa kaka yetu wa Kahama, alifanya kazi mgodi wa dhahabu wa Buzwagi kabla haujafungwa, makinikia ameyashika kwa mikono. Alituma voice note ndefu na mi naona ndo kitu bora kilichowahi kuingia kwenye grupu letu. Alisema hivi, mgodini unasaga mawe, unayaelea kwenye maji yenye povu, unapata unga mweusi wenye madini mengi, hayo ndo makinikia. Njia ya zamani unayapeleka kwenye tanuru unayayeyusha na moshi wa salfa unatoka. Hii Hydromet unayatia na maji kwenye chombo kama presha kuka kubwa ya chuma, unaingiza oksijeni na joto, metali zinayeyukia kwenye maji halafu unazitoa moja moja, nikeli, shaba, kobalti. Hakuna tanuru, na wenyewe wanadai nishati inayotumika ni ndogo kuliko ya kuyeyushia. Hapo mtu akarusha orodha ya mitambo ya presha iliyowatesa watu, Murrin Murrin kule Australia, Goro kule Kaledonia Mpya, gharama zilipanda mpaka wenyewe wakakimbia. Kaka wa Kahama akasema mkuu ile ni ya udongo mwekundu na asidi kali, hii ya kwetu ni salfaidi, yaani metali iliyoshikana na salfa, ukitaka mfano wa karibu nenda Long Harbour, Kanada, kampuni ya Vale wanafanya nikeli kwa njia ya namna hii na inatoka. Ila, akasema, kuwa inawezekana Kanada haimaanishi imeshajengwa Kahama, pale Buzwagi walipopanga kuweka rifaineri, kiwanda cha kusafishia metali, hakuna presha kuka yoyote leo.

Upande wa hela nilimpa dada mmoja mhasibu, huyu hana mchezo, haangalii chati kabisa. Yeye ndo alileta kitu kilichobadilisha mazungumzo. Upembuzi yakinifu uliotoka Julai 2025 ni wa mgodi na kiwanda cha makinikia, rifaineri imekaa nje, inakuja baadaye. Yaani hisa watu wameinunua kwa sababu ya teknolojia, lakini hesabu ya kwanza iliyopigwa kikamilifu ni ya kuchimba na kusafirisha makinikia hadi bandari ya Dar. Gharama ya kuanza tu karibu dola bilioni moja, na kampuni haina mauzo ya madini hata kidogo. Mwaka 2024 walikopa milioni 50 kwa hati zinazoweza kugeuka hisa. Akauliza tu, hiyo bilioni ikitafutwa, nyie wenye hisa mtakuwa mmebaki na kipande gani? Kimya. Kwa maana wakitoa hisa mpya cha kwako kinapungua hata kama mgodi unafanikiwa, na hiki ndo kitu wengi hawakitaki kukisikia.

Na neno makinikia kwa Mtanzania si neno dogo. Yule wa Bukoba mwenyewe ndo aliuliza, je hii si ndo ile ya makontena 277 yaliyozuiwa bandarini 2017, mzee Magufuli akabadilisha mambo yote na sheria ikaja kwamba tuchenjue nyumbani? Sasa rifaineri ikichelewa serikali itavumilia mpaka lini? Hilo swali tuliliandika kama hatari yake yenyewe, na nilimheshimu sana kwa kuuliza maana ndo alikuwa kinara wa kununua.

Kuna na kijana wetu mmoja wa Texas alijigamba kapata LZM kwa senti, sisi wote tunaonekana wajinga. Akapost picha ya skrini. Dada mhasibu akaiangalia akamwambia mdogo wangu hizo sio hisa, hizo ni warranti, ni haki ya kununua hisa kwa dola 11.50, na hisa yenyewe sokoni iko chini sana ya hapo, zina tarehe ya mwisho na ikipita unabaki na picha ya skrini. Aliuza siku hiyo hiyo, senti zake zikarudi pungufu kidogo.

Baada ya hapo kura ilikuwa rahisi. Tulikubaliana mtaji wa chama hauguswi, kinachoingia ni sehemu ndogo ya faida ya mwaka, kiasi ambacho ikipotea yote hakuna atakayenipigia simu usiku. Na kabla sijabonyeza chochote tuliandika masharti kwenye shiti moja, tunaongeza ikitokea nini, hatuongezi ikitokea nini, tunatoka ikitokea nini. Bei haimo kwenye masharti hayo hata sehemu moja. Kaka wa Bukoba alitaka tuweke "ikifika dola 10 tuuze" nikakataa, nikamwambia hiyo ni namba ya siku ya harusi yao na GoGreen tu.

Shiti likapata kazi haraka kuliko tulivyotegemea. Habari ikatufikia kwamba BHP wametoka, asilimia 17 waliyokuwa nayo kwenye Kabanga Nickel, kampuni inayoshika asilimia 84 ya Tembo, ikarudi kwa Lifezone, malipo yenyewe ni ya baadaye. Grupu likawaka tena. Wazalendo wanasema safi, sasa asilimia 84 yote yetu na BHP ni wao wamekosa, Mkenya anasema ukiona mwenye hela anaondoka mlangoni usishangilie nafasi ya kiti. Mi sikubishana na yeyote, nikafungua shiti nikapost mstari mmoja, "mshirika mkubwa akitoka na mwingine hajaingia, hatuongezi." Waliosaini wote walikuwepo humo. Hatukuongeza, na hatukuuza pia, kwa sababu sharti la kutoka linahusu leseni na mkopo wa ujenzi, halihusu BHP.

Wapo waliongeza kwa hela zao binafsi na ni haki yao, wengine hawajaniambia wamepata au wamekula hasara na mi siulizi. Kwangu mzigo wa chama uko palepale. Kila ripoti ikitoka dada mhasibu anatuma ukurasa wa hela iliyobaki tu, hatumi kingine, kaka wa Kahama anatuambia kama kuna kitu kimechimbwa au ni picha za greda, na kijana wa Texas kaomba apewe bei ya nikeli aifuatilie. Tumempa, kwa sharti asitume picha za skrini.