Beberu wa jirani na jitu la jicho moja

Jumamosi nilikuwa Arua, Uganda, kwa dada yangu, jioni umeme ukakatika na watoto wakanivamia, mjomba hadithi, mjomba hadithi, nikawapa ile ya kale ya Wagiriki, ya Odysseus na Polyphemus, jitu la jicho moja. Naipenda mno hii hadithi. Odysseus anaingia pangoni na wenzake 12, jitu linaziba mlango kwa jiwe na kuanza kuwala wawili wawili, wamekwisha 6 ndo Odysseus analinywesha divai kali, watoto wakauliza ni kama kwete, ile pombe ya kienyeji, nikasema kwete haioni ndani, na analiambia yeye jina lake Hakuna Mtu. Wakalichoma jicho kwa gongo la mzeituni. Majitu jirani yanakuja usiku, we nani anakuumiza? Hakuna Mtu! Hakuna Mtu ananiua! Basi yakarudi zake kulala.

Walicheka mpaka mmoja akajikunja kwenye mkeka, wakanirudisha hapo mara tatu. Kigiriki ni Outis, maana yake hakuna mtu, na kwa Kiswahili huo utani unakaa kama umezaliwa hapa hapa, huelezi kitu.

Asubuhi nasikia kelele. Jiko la nje limekuwa pango, mkubwa wao kajichora jicho la makaa kwenye paji la uso, mwiko wa posho, yaani ugali, ndo gongo. Sasa Odysseus na wenzake walitoroka chini ya matumbo ya kondoo, jitu linapapasa migongo tu, lakini wale kondoo walikuwa na sufu nene ya kushika, mbuzi wa Arua unashika wapi? Yule mdogo, ana miaka 6, akajifunga chini ya beberu wa jirani kwa kitenge cha mama yake, miguu inaburuta. Beberu akasimama, akageuza shingo kuangalia tumboni kuna nini, akatoka mbio.

Akapita uani, akapita kwenye migomba, moja kwa moja juu ya turubai la simsim ya bibi jirani. Kitenge kikafunguka hapo hapo. Bibi akatoka, "Nani amemwaga simsim yangu?" Watoto wote kwa sauti moja, "Hakuna Mtu!"

Na wangepona, ila kwenye hadithi Odysseus akishafika chomboni anashindwa kujizuia, anageuka na kulipigia jitu kelele jina lake la kweli, la baba yake na kwao Ithaca, ndo maana Poseidon, mungu wa bahari na baba wa jitu, akamwandama baharini. Mdogo wetu alishafika kwenye uzio. Akasimama, simsim zimejaa kwenye nywele, akageuka na kutaja jina lake, la baba yake na darasa analosoma.

Tumeokota simsim mpaka saa nane mchana, mimi, dada na watoto wote, bibi amekaa kwenye kigoda anasema haya endelea basi, huyo mtu alifika kwao?