Siku moja maishani mwangu: mishkaki 80 na bakuli moja la chatne ya giligilani

Saa 11 alfajiri adhana inaniamsha. Naswali, nabandika chai ya watoto, afu naenda kuchungulia mkaa, upo nusu gunia, alhamdulillah. Mi nauza mishkaki hapa hapa nyumbani Magomeni, kibarazani, kuanzia saa 12 jioni, na watu wanajua kazi yangu ni kuchoma nyama. Ila nyama nzuri iko kila kona Dar hii. Wateja wangu wanafuata chatne.

Saa 1 na nusu nimeshashuka kwenye mwendokasi, niko soko la Kisutu. Giligilani siichagui kwa macho, maana wanazinyunyizia maji zinang'aa hata kama ni za juzi, mi nasugua jani moja kwa vidole nanusa, afu navunja shina, likikatika tak ni la leo, likijikunja kama uzi naliacha. Mzee ninayenunua kwake ananijua, ananiambia "mwanangu leo chukua hizi za chini", na kweli za chini ndo zilikuwa nzuri. Nimechukua mafungu 3, nanaa fungu 1, pilipili kichaa, tangawizi na ndimu 6 zile zenye ganda jembamba. (Ukiwa Zanzibar hii giligilani ni kotmiri, Wakenya wataita dania, ni jani lile lile tusigombane.)

Saa 3 bucha, steki kilo 4 na mafuta kidogo ya kuchanganya, basi narudi.

Nikifika tu, kabla hata sijavua ushungi, giligilani inasimama kwenye kopo la maji, mashina chini, juu nafunika kitambaa chenye unyevu, naiweka pembeni ya mtungi pasipo na jua. Na siioshi saa hiyo! Ukiiosha asubuhi ukaifungia mpaka jioni inaanza kuoza, inateleza na ile harufu inakuwa ya majani ya bwawani.

Saa 5 nakata nyama vipande vidogo vidogo, naitia swaumu na tangawizi iliyotwangwa, bizari nyembamba, pilipili manga. Papai bichi nalitia saa 8 mchana, sio mapema, kwasababu utomvu wake unalainisha nyama na ukiuacha muda mrefu nyama inakuwa kama uji, haishiki kijitini. Chumvi nayo inaingia hapo. Katikati kuna kupika ugali na dagaa wa watoto wanaorudi shule, kufua, na kulala nusu saa.

Saa 9 mpaka saa 10 na nusu ni kutunga vijiti, mimi na binti yangu wa kwanza, 80 kamili.

Saa 10 na nusu sasa ndo naigeukia giligilani. Naizamisha kwenye beseni, naitikisa, namwaga, mara tatu, mpaka nikipapasa chini ya beseni sikuti mchanga. Mizizi natupa ila mashina laini naacha, utamu mwingi uko kwenye mashina jamani, mnaochuma majani matupu mnatupa nusu ya hela yenu. Afu naitandaza juu ya kanga kavu, maana maji yakibaki kwenye majani chatne inajitenga, kijani chini maji juu, mteja akichovya anapata maji.

Saa 11 nachomeka blenda, umeme hakuna. Umekatika mtaa mzima, na wateja wa kwanza wanakuja saa 12. Nilitetemeka kidogo nisiseme uongo, ila kinu cha bibi yangu kipo, yeye hakuwahi kuiona blenda na chatne yake watu walikuwa wanaifuata mpaka jikoni. Nikaanza na swaumu punje 6 na chumvi ya mawe, ile chumvi inakwaruza swaumu inakuwa laini yenyewe, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili kichaa 4, bizari nyembamba kijiko kimoja niliyoikaanga kavu, ikafuata nazi iliyokunwa kiganja kimoja ili iwe nzito, mwisho majani, kidogo kidogo, natwanga huku nageuza mchi ukutani mwa kinu. Dakika 25, mkono unauma, lakini harufu ilipanda mpaka jirani akauliza kupitia dirishani, "Mama, leo umetia nini?" Sikutia kitu kipya. Blenda ikizunguka sana inapata moto na majani yanapoteza harufu, ndo maana nikiitumia huwa natia maji ya barafu. Kinu hakina moto.

Sasa ndimu. Hapa ndo nataka mnisikilize, NDIMU IWE MWISHO. Saa 12 kasoro dakika 10, mkaa umeshashika na mishkaki ya kwanza iko juu ya waya, ndo nakamua ndimu 3 nachanganya. Kijani cha majani hakikai na uchachu, ukitia ndimu mchana, jioni bakuli lina rangi ya kamba kuukuu, na ile ladha ya ubichi imeondoka. Bibi alikuwa anasema tu "usitie ndimu mgeni hajafika", nilipokuwa mdogo nilidhani ni mambo ya adabu.

Saa 12 na robo dereva boda mmoja, huwa anachukua mishkaki 4 na ndizi ya kuchoma, akachovya wa kwanza akanyamaza, wa pili akanyamaza, afu akasema "dada, niongezee hii ya kijani, nyama subiri". Nilifurahi sana, yani sana.

Umeme ulirudi saa 2 usiku, wakati huo vijiti vimebaki 11.

Saa 3 na nusu nimefagia majivu, chatne imebaki vijiko viwili, nimempa jirani ale na mihogo yake usiku huu huu, mi silazi chatne. Blenda nimeirudisha kabatini. Kesho Ijumaa watu ni wengi, nitachukua mafungu 4, na kinu nimeshakiosha nimekiinamisha mlangoni kikauke.