Dada wawili waliokataa kamera

Tangu Jumapili maneno ya dada hayajanitoka.

Tulikuwa tumemaliza kuangalia Crumb, ile dokumentari ya mwaka 1994 juu ya mchora katuni wa Marekani Robert Crumb na ndugu zake. Dada alikuwa anakunja kanga, mnamjua, mikono yake haijui kupumzika. Majina yakiwa yanapita kwenye runinga akauliza, "Na dada zao je?" Nikamwambia wapo wawili, na wote walikataa kuhojiwa. Akaweka kanga juu ya nyingine, akailaza kwa kiganja. "Wamefanya vyema. Hata mimi nisingekubali, mdogo wangu. Tena kwako wewe, ndiyo kabisa."

Kisha akaenda kuinjika chai.

Tena kwako wewe. Nimeyasikia ndani ya daladala, nimeyasikia kikaoni. Wiki hii mkataba wangu umeongezwa na posa ya mdogo wetu imekubaliwa, nami katikati ya vigelegele nilikuwa natafuta la kumjibu dada. Nimwambie kwamba naandika kwa mapenzi? Terry Zwigoff, aliyetengeneza filamu ile, alikuwa rafiki wa Robert wa miaka mingi, wamepiga muziki katika bendi moja, na bado dada wale hawakumfungulia mlango.

Kwa hiyo tunamsikia Robert, na mdogo wake Maxon, na mama yao, na kaka yao Charles. Baba yao alikuwa mwanajeshi, na wanamsimulia kwa kipigo chake. Robert anacheka anaposimulia. Dada yangu hakucheka hata mara moja.

Charles ndiye aliyeniumiza. Yeye ndiye aliyewasukuma wadogo zake kuchora walipokuwa watoto. Alishikwa na filamu ya Treasure Island ya mwaka 1950, akawachora maharamia wale ukurasa kwa ukurasa, hadi maneno yakaanza kuzimeza picha, na mwisho daftari zikajaa mikwaruzo midogo midogo isiyosomeka. Ukubwani tunamkuta ghorofani kwa mama yake, na vitabu vyake, hatoki. Alijiua kabla filamu haijaonyeshwa. Dunia inamjua Robert, lakini mimi naamini moto ule uliwashwa na Charles, na hakuna aliyemshukuru vya kutosha.

Na Angelfood McSpade, yule mwanamke mweusi ambaye Robert alimchora akiwa na midomo minene na sketi ya majani? Watetezi wa Robert husema anaukejeli ubaguzi wa Wazungu wenzake. Siukubali utetezi huo. Mkono wake ni wa ajabu, mhakiki Robert Hughes anamlinganisha na Bruegel, mchoraji mkubwa wa Ulaya ya kale, humo humo filamuni, na picha ile inanidhalilisha mimi na dada yangu. Yote mawili ni kweli, na la kwanza halifuti la pili.

Jumatano usiku dada akapiga simu. Nilijua ni mambo ya posa, nani atapika, nani atapokea wazee. Tulipomaliza hayo akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Yule Charles. Daftari zake alizitunza nani?" Moyo ulinipasuka kwa furaha. Kumbe naye alikuwa akiiwaza filamu ile siku zote hizo! Tukazungumza mpaka vocha yake ikaisha, nikampigia mimi, tukaendelea: juu ya baba yetu, na meli alizokuwa akitupigia mistari nyuma ya risiti za duka, na mengine ambayo sikuwahi kuyasikia, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mtoto mchanga. Mwisho akasema, "Haya ni yako, si ya wasomaji wako."

Basi ni yangu.

Pampu ya kisima imeanza tena kunguruma bila kuvuta, na fundi wetu yuko msibani Korogwe. Wageni wa posa wanafika Jumamosi. Mwenye fundi anayeaminika upande huu wa Tanga aniandikie, tafadhali, leo hii ikiwezekana.